Imani na Akili

Wako watu wengi, wa dini zote, wanaodhani kuwa imani na akili ni wake wenza katika nyumba moja: mmoja akipendwa, mwingine hana budi kununa. Kwa dhana hii mtoto aulizaye maswali katika mafundisho ya dini huambiwa kuwa ana moyo mgumu, na mtu aliyesoma sana hushukiwa kuwa ameanza kumsahau Mungu. Kwa upande wa pili, wako vijana ambao, wakiisha kujifunza kidogo habari za nyota na za chembe za uhai, huona haya kupiga magoti. Watu hawa, msomaji wangu, ingawa hawapatani, wamekubali jambo moja bila ya kulipima: kwamba mtu hawezi kuwa na vyote viwili. Nataka tulipime jambo hilo pamoja. Nitafuata fikira za Kanisa Katoliki, kwa sababu ndizo nilizokulia, walakini si lazima uwe Mkatoliki ndipo uweze kuzifuata, na huko mbele utaona kwa nini.

Mwenye kusafiri kutoka mji wa Bungoma kwenda Webuye hupita Mabanga. Hapo pana Seminari Kuu ya Mtakatifu Augustino. Vijana wanaotaka upadre, kutoka majimbo mbalimbali ya Kenya, huletwa hapo kusoma falsafa, kisha ndipo wapelekwe kwingine kusoma teolojia, yaani elimu ya mambo ya Mungu. Tafadhali uutazame vizuri utaratibu huo. Kijana aliyeacha nyumba ya baba yake ili amtumikie Mungu haanzishwi kwa mafumbo ya Mungu. Huanzishwa kwa kufunzwa kufikiri: kujua ni nini, hoja ipi imesimama na ipi ina ufa, mtu ni kiumbe cha namna gani, wema ni nini. Husoma maandishi ya Plato na Aristotle, Wayunani walioishi karne kadhaa kabla ya Kristo. Kama akili ingekuwa adui wa imani, kazi ya Mabanga ingekuwa kama ya mtu anayemnolea mwizi panga.

Tena jina la seminari hiyo lina habari yake. Augustino alikuwa Mwafrika, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo. Kijana aliiacha dini ya mama yake akafuata madhehebu ya mtu mmoja aitwaye Mani, akakaa nayo miaka kama tisa. Wafuasi wa Mani walijivuna kuwa hawamtaki mtu aamini neno lisilo na ushahidi. Vitabu vyao vilieleza mwendo wa jua, mwezi na nyota. Lakini Augustino alikuwa amesoma hesabu za wanajimu, ambazo zilitabiri kupatwa kwa jua na kwa mwezi, na mambo yakawa kama yalivyotabiriwa. Akaona kuwa vitabu vya Mani havipatani na hesabu hizo. Akauliza. Akaambiwa asubiri, atakuja Faustus, askofu wao, naye atamaliza maswali yote. Faustus akaja hatimaye, mtu wa ulimi mtamu na tabia nzuri, na alipoulizwa akakiri kuwa hajui. Augustino alimsifu kwa kukiri kwake, maana si kila mwalimu ana ujasiri huo. Lakini tangu siku ile moyo wake ulikwisha hama. Alibatizwa Milano mwaka 387, akawa askofu wa Hippo, na huko alifariki mwaka 430. Akiwa askofu aliwaonya Wakristo wenzake wasiseme ovyo juu ya mbingu na ardhi kwa kisingizio cha Maandiko, kwa sababu msikilizaji anayeyajua mambo hayo atacheka, na akiisha kucheka hatawasadiki tena watakapomwambia habari za ufufuo.

Basi mtu aliyepewa jina la seminari ile ni mtu aliyetoka katika dini moja kwa sababu maswali yake hayakujibiwa. Sijui kama wale vijana hulikumbuka jambo hilo wanapokwenda kusali alfajiri. Natumaini hulikumbuka.

Mwingine ambaye huwezi kumkwepa katika habari hii ni Thomas wa Akwino, mtawa wa Italia aliyezaliwa karibu na mwaka 1225 akafa mwaka 1274. Kitabu chake kikubwa kina mpango ambao ningependa kila mwanafunzi mwenye kushiriki katika midahalo auige. Kila aulizapo swali, huanza kwa kuwapa nafasi wapinzani wake, na huwapa hoja zao zenye nguvu, si vinyago vya kuangushwa kwa kidole. Anapouliza kama Mungu yuko, hutanguliza hoja mbili za kwamba hayuko: ya kwanza, kwamba duniani mna uovu, ya pili, kwamba mambo ya ulimwengu yaweza kuelezwa bila ya kumtaja Mungu. Miaka zaidi ya 700 imepita, na hizo mbili ndizo hoja ambazo mtu wa leo asiyeamini atakupa. Kisha ndipo Thomas hujibu. Alijifunza kwa Aristotle mpagani, kwa Ibn Sina na Ibn Rushd Waislamu, na kwa Musa bin Maimun Myahudi, wala hakuona kuwa kweli huchafuka kwa kupita mikononi mwa mtu wa dini nyingine.

Fundisho lake, kwa ufupi, ni kuwa yako mambo ambayo akili ya mtu huweza kuyafikia kwa nguvu zake, kama kwamba Mungu yuko na kwamba kuua asiye na hatia ni dhambi. Na yako mambo ambayo akili haiwezi kuyafikia mpaka Mungu mwenyewe aseme, kama Utatu Mtakatifu. Katika haya ya pili kazi ya akili si kuthibitisha. Kazi yake ni kuyaelewa kadiri iwezavyo, na kumjibu anayesema kuwa hayawezekani. Mwaka 1870 Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulitangaza kuwa akili ya mtu, kwa nuru yake ya asili, huweza kujua kwa yakini kuwa Mungu yuko. Kwa hiyo Mkatoliki anayesema kuwa dini ni imani tupu na akili haimo, anapingana na Kanisa lake mwenyewe. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika waraka mzima juu ya habari hii, *Fides et Ratio*, akautoa tarehe 14 Septemba 1998, miezi mitano baada ya Jimbo la Kitale kuanzishwa.

Wewe uliyekulia Bungoma umeona ng'ombe wawili wakilima chini ya nira moja. Mmoja akiwa na nguvu na mwenziwe amekonda, mfuo hupinda, na mwenye kushika plau huchoka kabla ya saa nne. Hakuna mkulima anayetibu mashaka hayo kwa kumchinja mmoja. Huo ndio mfano ninaouona mimi. Wakubwa wana mifano yao mizuri zaidi. Na usidhani kuwa Thomas aliiona akili kuwa haina mwisho. Mwezi wa Desemba 1273, baada ya kusali Misa, aliweka kalamu chini asiandike tena, na kile kitabu chake kikubwa kikabaki bila ya kumalizika.

Haifai nikufiche kuwa Kanisa halikuyashika mafundisho haya siku zote. Mwaka 1633 Galileo alihukumiwa Roma kwa kushikilia kuwa dunia huzunguka jua, na ni mwaka 1992 tu Papa alipokiri hadharani kuwa waliomhukumu walikosea. Augustino mwenyewe, mpenda hoja, alikubali mwishoni kuwa dola iwalazimishe Wakristo waliojitenga katika Afrika ya Kaskazini warudi Kanisani. Fundisho jema halimlindi mwenye kulifundisha.

Hata huku kwetu iko hesabu isiyofungwa. Kabla mmisionari hajafika, Wabukusu walimwomba Wele Khakaba, na katika jina hilo mna maana ya kutoa na kugawa: Mungu mpaji. Akipumzika mzee wa heshima, baada ya mazishi watu huketi, na msemaji aliyepewa karama hiyo hutembea katikati yao akiwa na fimbo yake, akisimulia asili ya ukoo, akipatanisha, akikaripia, akieleza jinsi mume anavyopaswa kukaa na mkewe na jirani na jirani. Hakuna anayemkatiza. Hiyo ndiyo kumuse. Kama hiyo si elimu ya maadili, mimi sijui ni nini. Paulo Mtume aliwaandikia Warumi kuwa hata watu wasiokuwa na Torati wanayo sheria iliyoandikwa mioyoni mwao. Lakini wako wamisionari walioisoma barua hiyo usiku, na asubuhi wakaita kila kitu cha wazee kazi ya shetani. Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, ambayo serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mwaka 1948, ilikuwa na sababu nyingi, ardhi ikiwa mojawapo. Na dharau hiyo ilikuwa sababu nyingine. Baadaye sana Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, aliwaendea wazee wasiojua kusoma na kuwauliza habari za Mungu, kweli, haki na kifo, ili aonyeshe kuwa falsafa si mali ya walioandika peke yao. Mmoja wa wazee hao alikuwa Mbukusu, Simiyu Chaungo.

Sasa nitakueleza habari ya nyumbani, maana falsafa isiyoweza kuingia jikoni haina faida kubwa.

Shangazi yangu aliishi katika kijiji kimoja si mbali na Kitale, naye alikuwa na ugonjwa wa sukari, akijidunga sindano kila siku. Akajiunga na kikundi kidogo cha sala. Mhubiri wao akawafundisha kuwa dawa ni dalili ya shaka, na mwenye imani kamili huziacha. Siku moja shangazi alitupa chupa zake na sindano zake chooni, akaanza kufunga. Siku ya pili alikuwa hawezi kusimama bila ya kushika ukuta. Watoto wake walilia, jirani wakamkemea, na kadiri walivyomkemea ndivyo alivyozidi kuona kuwa anateswa kwa ajili ya Bwana.

Baba mkubwa, kaka yake, alikuwa katekista wa miaka mingi huko Bungoma. Akaja kwa matatu, akaketi, akanywa chai. Hakumkemea. Mwisho akamwuliza:

“Dada, mahindi yako mwaka huu umeyapalilia?”

“Nimeyapalilia.”

“Kwani Mungu hawezi kuyakuza pamoja na magugu?”

“Aweza. Lakini jembe alinipa mimi.”

“Na sindano alimpa nani?”

Shangazi akanyamaza, kisha akasema kwa uchungu, “Kaka, wanijaribu kama Mafarisayo.”

“Sikujaribu. Nauliza. Mhubiri wako nilimwona njiani, amevaa miwani. Macho yake hayajapata imani?”

Shangazi alicheka kwanza, kisha akalia. Jioni ile akakubali kupelekwa hospitali. Kundi lile hakuliacha mara moja. Aliendelea kusali nalo karibu mwaka mzima, akiwa na sindano zake ndani ya mkoba, na hapana aliyemwuliza.

Nimefikiri sana juu ya mazungumzo yale. Baba mkubwa hakuwahi kusoma Mabanga, lakini fundisho alilolitumia ni la Thomas: kwamba Mungu hufanya kazi kwa njia ya viumbe vyake, mvua, jembe, daktari na dawa, na kwamba neema haiji kuyavunja maumbile bali kuyakamilisha. Anayemngoja Mungu amponye bila ya kitu chochote kati yao, akidhani kuwa hivyo anamtukuza, amemdharau katika kazi zake. Na tazama tena kuwa hakumwambia dada yake aache kuamini. Alimwomba aendelee kuamini mpaka mwisho wa hoja.

Si wote waliopata ndugu wa namna ile. Tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, na watoto wengi miongoni mwao. Walikuwa wafuasi wa mhubiri mmoja, na wengi walikufa kwa kufunga kula ili wamwone Yesu. Mhubiri alishtakiwa, akakana mashtaka. Mwezi wa Mei mwaka huo huo polisi wa Bungoma walimhoji mtu wa Tongaren ambaye watu humwita Yesu, kisha akaachiliwa. Na hilo nalo ni sawa, kwani sheria hushika matendo, haishiki majina ambayo mtu amejipa. Mimi sipendi kuwacheka waliokufa Shakahola. Walikuwa watu waliomtaka Mungu kwa moyo wote. Lakini walifundishwa kuwa swali ni dhambi, na mtu asiyeruhusiwa kuuliza “kwa nini” hawezi kusema “hapana” hata anapomwona mtoto wake akinyauka.

Mpaka hapa nimesema juu ya akili inayoilinda imani. Iko kazi nyingine ya akili, nayo ni kupima mwenendo. Wakatoliki huita kipimo hicho sheria ya maumbile. Neno hili huwatisha watu, lakini liko sokoni Kitale kila asubuhi. Huko mahindi hupimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Wako wauzaji wachache ambao hugonga kitako cha mkebe mpaka kikaingia ndani, na kwa kila mnunuzi hubaki na konzi moja au mbili. Muulize muuzaji huyo kama atakubali kununuliwa maharage yake kwa noti zilizokatwa pembe, thamani ya kila moja imepungua. Atapiga kelele! Hahitaji padre wala shehe amwambie kuwa ni dhuluma. Kelele yake yatosha. Ndiyo maana nilisema mwanzoni kuwa si lazima uwe Mkatoliki.

Lakini si kila jambo ni jepesi kama mkebe. Thomas aliuliza swali moja ambalo laweza kuwa limeandikwa kwa ajili ya Kitale. Mtu anapeleka nafaka mahali penye uhaba, ambapo bei iko juu. Anajua kuwa nyuma yake wanakuja wengine wenye nafaka nyingi, na wanunuzi hawajui. Je, ni wajibu wake kuwaambia, bei ishuke? Cicero wa Roma, zaidi ya miaka 1,200 kabla yake, aliuliza habari iyo hiyo juu ya kisiwa cha Rhodes, akahukumu kuwa muuzaji hana haki ya kuficha. Thomas ni mpole zaidi. Asema kuwa muuzaji akikaa kimya na kuuza kwa bei aliyoikuta, hajavunja haki, maana kasoro ya bidhaa ndiyo ambayo ni lazima aitangaze, na kushuka kwa bei ni jambo la kesho. Lakini akiwaambia, au akipunguza bei, atakuwa ametenda wema mkubwa zaidi.

Nililipeleka swali hilo darasani. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na miongoni mwa wanafunzi wangu wako ambao wazazi wao hufanya biashara ya mahindi. Nikawaambia: Tuseme ni ukame kama ule wa 2020 mpaka 2022. Lori limejaa hapa Kitale, limepanda Kapenguria, limeshuka Marich, limefika Lodwar. Dereva amewaona wenziwe kumi barabarani. Aseme, asiseme?

Kijana mmoja, ambaye baba yake ana lori, akasimama upande wa Thomas. Akasema kuwa aliyefika kwanza ameamka kwanza, amepasua magurudumu kwanza, na gunia lake halina kasoro. Njaa si kasoro ya gunia. Asipopata faida, mwaka ujao hatakwenda, na Lodwar italala na njaa mara mbili. Nilipenda hoja ile.

Msichana mmoja aliyetoka huko huko Turkana akajibu, bila ya hasira. Alisema kuwa mnunuzi wa siku ile hakuja sokoni kwa kupenda. Amesukumwa na watoto waliolala bila ya kula, na mtu aliyeshikwa koo akisema “ndiyo”, ndiyo yake si ndiyo. Apate faida, lakini aseme kuwa malori yako njiani, ili mama achague mwenyewe: gorogoro moja leo, au gunia kesho.

Nikawaambia kuwa Thomas, mahali pengine katika kitabu kile kile, amefundisha kuwa mtu aliyefikwa na dhiki ya kufa akichukua chakula cha mwingine si mwizi, kwa sababu katika dhiki ya namna hiyo mali ya dunia hurudi kuwa ya wote. Msichana hakuwa ameyasoma hayo. Alikuwa amechukua fundisho la mahali pamoja akaliuliza fundisho la mahali pengine, na nadhani mzee Thomas angempa kiti.

Kabla ya kengele kulia, mwana wa mwenye lori akainua mkono tena. Akauliza: wale walionunua kwa bei ya juu tangu alfajiri, kabla dereva hajakumbuka kusema, je, wana haki ya kurudishiwa kitu? Darasa zima likamgeukia yule msichana.